Kelele aliyoisikia Mjomba peke yake

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza nimepotelea wapi. Sikupotea. Nilikuwa nikiwinda kelele. Si kelele za matatu wala za jirani, bali kelele moja ndogo sana, tak, inayotokea katika sikio la kushoto la hedifoni kisha inanyamaza mpaka unadhani uliiota.

Kwa kawaida huwa naandika hapa kuhusu programu. Leo habari ni ya chuma, waya na kioo, lakini mkinivumilia mtaona kwamba ni kazi ile ile. Hitilafu inayokuja na kuondoka ni hitilafu mbaya kuliko zote, iwe ndani ya programu au ndani ya redio, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inamfanya mtu anayeiona aonekane mwongo.

Twende pole pole. Mjomba wangu anaishi Mombasa. Alikuwa fundi wa redio tangu enzi za vali mpaka enzi za kaseti, akafunga kibanda chake pale macho yalipoanza kukataa kazi ndogo ndogo. Ana kanda nyingi za taarab, na binamu yangu alimnunulia hedifoni nzuri sana, Sennheiser HD 600, ili asikilize usiku bila kuamsha nyumba nzima. Shida ni kwamba hedifoni hizo zina ukinzani wa omu 300, na kile kicheza kanda chake hakiwezi kuzisukuma vizuri. Basi nikaahidi kumtengenezea amplifaya ya vali, kwa sababu ndicho chombo anachokijua, na kwa sababu tangu nimalize shahada ya kompyuta nilikuwa nikitafuta kisingizio cha kushika tena chuma cha kuchomelea.

Kwa wale waliozaliwa baada ya transista, vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake kuna kathodi inayopashwa moto mpaka inatoa elektroni, kuna bamba linalozivuta, yaani anodi, na katikati kuna gridi, waya mwembamba uliozungushwa kama wavu. Ukibadilisha volti ya gridi kidogo tu, mkondo unaofika kwenye anodi unabadilika sana, na hivyo ndivyo sauti ndogo inavyokuwa kubwa. John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza vali ya kwanza ya aina hii mwaka 1904, ikiwa na sehemu mbili tu. Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi mwaka 1906. Transista ilipozaliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, vali zikaanza kuaga, ila hazijaondoka kabisa hadi leo.

Amplifaya yenyewe ni ya mchoro unaojulikana sana kwa wapenzi wa mambo haya. Inaanza na vali ya ECC82, ambayo Wamarekani huiita 12AU7. Ndani ya chupa hiyo moja kuna vali mbili: nusu inashughulikia sikio la kushoto, nusu ya pili sikio la kulia. Baada yake inakuja 6080, chupa nene ambayo iliundwa kwa ajili ya kudhibiti volti katika mitambo na wala si kwa muziki, lakini inatoa mkondo wa kutosha kusukuma hedifoni bila transfoma ya sauti. Nayo pia ni vali mbili ndani ya chupa moja. Umeme unaoziendesha ni kama volti 170.

Mwishoni kabisa, kabla ya hedifoni, kila upande una kapasita ya maikrofaradi 100. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia mkondo mnyoofu, ule kama wa betri. Upande mmoja wa kapasita hiyo kuna takriban volti 100. Upande wa pili kuna kichwa cha Mjomba.

Kumbukeni hapo, maana ndipo mambo yanapoacha kuwa mchezo.

Nilipoimaliza, amplifaya ilikaa mezani kwangu Nairobi wiki nzima, ikiwashwa kila jioni. Haikukohoa hata mara moja. Nikaipakia, nikaipeleka Mombasa, Mjomba akafurahi, nikarudi kazini. Miezi minne baadaye akanipigia simu.

"Mpwa wangu, humu ndani mna kitu kinagonga. Upande wa kushoto. Si kila siku, na si saa zote."

Binamu yangu akaichukua ile simu, akasogea kando. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akaniambia kwamba wote pale nyumbani wamezivaa zile hedifoni, mmoja mmoja, na hakuna aliyesikia kitu. Kila mmoja alisikiliza dakika mbili tatu, akazivua, akatikisa kichwa. "Ni masikio ya mzee, kaka. Tumeshamtafutia daktari."

Binamu yangu si mtu mbaya wala si mjinga. Ni kweli watu wengi wakizeeka husikia milio ambayo haipo nje ya masikio yao, na ni vyema mzee kwenda kupimwa. Lakini wiki mbili baadaye nilipompigia Mjomba na kumuuliza kelele inaendeleaje, alinijibu kwa mkato, "Achana nayo." Alikuwa ameacha kuitaja. Jambo hilo ndilo lililoniuma. Mtu ambaye kwa miaka arobaini aliishi kwa masikio yake, anayejua kwa kusikia tu kama ni vali, spika au kapasita, alikuwa ameanza kukubali kwamba masikio hayo hayaaminiki. Nikaomba likizo, nikapanda treni ya kwenda Mombasa.

Kazini kwetu tuna usemi ambao nina hakika kila mwandishi wa programu ameushautumia: "Kwangu inafanya kazi." Mteja anasema programu inamwangukia, wewe unaijaribu, haianguki, unafunga faili. Usemi huo huenda ni kweli, lakini haujibu swali lolote. Unachosema ni kwamba kati ya mahali pako na mahali pake kuna tofauti, na bado hujaijua.

Basi jambo la kwanza nililofanya nilipofika halikuwa kutafuta kelele. Lilikuwa kumwomba Mjomba asizivae hedifoni kwanza. Sababu ni ile kapasita. Kelele ya kugonga inaweza kutokana na mambo mengi: mguso mbaya, kiungo cha risasi kilichoachia, rezista iliyochoka, vumbi katika kitufe cha sauti. Lakini inaweza pia kutokana na kapasita inayoanza kuvuja, na kapasita ikivuja hapo mwisho, volti zinaanza kutembea kuelekea kichwani mwa mtu. Kama kuna uwezekano huo hata mmoja kwa mia, unaanza nao.

Mahali pa hedifoni nikaweka rezista ya omu 330, kila upande ya kwake, nikaunganisha multimita hapo na kuiacha saa nzima. Ukiwasha amplifaya ya namna hii volti hupanda kwa muda mfupi wakati kapasita zinajaa, ndiyo maana siku zote tunawasha kwanza na kuvaa baadaye. Ikishatulia, inatakiwa kubaki karibu na sifuri. Ilibaki katika milivolti 3, kushoto na kulia, na haikuyumba. Kapasita zilikuwa nzima. Hapo tu ndipo nikamrudishia Mjomba hedifoni zake.

Akazivaa, akafumba macho. Dakika kumi, kimya. Binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni ameegemea fremu. Dakika kumi na tano, kimya. Mjomba akazivua na kuziweka mezani bila neno.

Nikamwambia, "Mjomba, leo hatutegemei bahati. Nimekuja na karani."

Karani mwenyewe alikuwa laptopu yangu. Hitilafu inayokuja na kuondoka huwezi kuivizia kwa masikio ya wageni wanaosikiliza dakika mbili. Unahitaji kitu kisichochoka, kisichokwenda kula, na kisicho na maoni. Nikaunganisha tundu la hedifoni na kadi ya sauti ya laptopu kupitia rezista mbili kwa kila upande, moja ya omu 10,000 na nyingine ya omu 1,000, zinazopunguza volti kuwa sehemu moja kati ya kumi na moja, ili kadi isiumie. Laptopu niliiacha itumie betri yake bila kuichomeka ukutani, maana vifaa viwili vikikutana kwa waya wa sauti na vikakutana tena kwa waya wa ethi, vinafanya mzunguko unaovuma, na ungebaki ukiwinda kelele uliyoileta mwenyewe.

Sauti ikarekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, pande mbili. Kwa wanaopenda hesabu, hiyo ni baiti 176,400 kila sekunde, au megabaiti 635 kwa saa. Nilikata faili kila saa moja, kwa kuwa faili la kawaida la WAV haliwezi kuzidi gigabaiti 4. Halafu nikaandika programu ndogo ya Python, mistari kama arobaini hivi. Inaigawa sauti katika vipande vya sampuli 441, yaani kila kimoja ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika kila kipande inatafuta kilele, inakilinganisha na hali ya kawaida ya sekunde kumi zilizotangulia, na kilele kikizidi mara nane inaandika mstari: saa ngapi, upande gani, ukubwa gani. Kitufe cha sauti kilikuwa sifuri na kicheza kanda kilikuwa kimechomolewa, kwa hiyo hapakuwa na muziki wa kuichanganya.

Tukaketi, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za jamaa. Tuliiacha iwake saa tatu nzima, nasi tukiwa pale pale. (Tafadhali, chombo chenye volti 170 ulichokitengeneza mwenyewe usikiache kikiwaka peke yake usiku kucha.)

Matokeo nilimsomea Mjomba saa nne usiku. Matukio 386 upande wa kushoto. Sifuri upande wa kulia. Saa ya kwanza 241, saa ya pili 98, saa ya tatu 47. Na hili ndilo lililonifanya nicheke: tukio la kwanza lilitokea dakika ya 18 baada ya kuwasha. Kabla ya hapo, hakuna lolote. Wale wote waliozivaa hedifoni dakika mbili tatu ili "kuhakikisha" walikuwa wakisikiliza wakati ambapo amplifaya ilikuwa bado ya baridi na kelele haijaamka.

Palikuwa pia na matukio saba ya aina nyingine, ya pande zote mbili, mvumo mkavu wa sekunde chache. Kabla sijafungua mdomo Mjomba akasema, "Hayo si hayo. Hiyo ni simu." Alikuwa sahihi. Simu yake ni kabambe inayotumia mtandao wa 2G, na simu ya namna hiyo hutuma mawimbi yake kwa vipande vifupi, kama mara 217 kwa sekunde, na kila waya ulio karibu unaweza kuyageuza kuwa mvumo. Tuliihamishia simu upande wa pili wa chumba, na mvumo ukahama nao. Lakini angalieni: mzee ambaye watu walisema masikio yake yamechoka alikuwa amekwisha kutenganisha kelele mbili tofauti kabla hata ya programu yangu.

Jioni ya pili nilifanya jaribio ambalo halikuwa la lazima kwa amplifaya, ila lilikuwa la lazima kwa nyumba ile. Nilimvika Mjomba hedifoni huku laptopu ikirekodi, nikageuza kioo chake asikione, nikamwambia abonyeze kitufe kimoja kila anaposikia kelele. Programu iliandika saa ya kila bonyezo. Kwa dakika kumi na tano za kwanza, wakati chombo ni baridi, hakubonyeza hata mara moja. Kati ya dakika ya 20 na ya 60 programu ilihesabu matukio 112. Mjomba alibonyeza mara 104. Na kila bonyezo lake lilikuwa na tukio la kweli ndani ya sekunde moja kabla yake. Hakuna hata moja alilolibuni.

Niliiweka orodha hiyo mbele ya binamu yangu, safu mbili, saa ya chombo na saa ya kidole. Aliisoma kutoka juu mpaka chini. Kisha akamgeukia baba yake akasema, "Niwie radhi, baba." Mzee akamjibu, "Lisemwalo lipo," akaomba kahawa nyingine.

Haya, sasa kelele tumeikamata kwa ushahidi. Imetoka wapi? Hapa ndipo watu wengi wanapoanza kununua vipuri: vali mpya, kapasita mpya, kila kitu kipya. Mimi napenda kugawanya nusu kwa nusu, kama tunavyotafuta mstari mbovu ndani ya programu ndefu.

Kwanza, kelele iliendelea hata kitufe cha sauti kikiwa sifuri na kicheza kanda kimechomolewa. Kwa hiyo kicheza kanda, waya wake na kitufe chenyewe havina hatia. Pili, ilikuwa kushoto tu. Umeme mkuu, transfoma na kapasita zake kubwa zinahudumia pande zote mbili, kwa hiyo kama kosa lingekuwa hapo tungelisikia kote. Nilipima pia stima ya ukutani jioni hiyo. Ilipanda na kushuka kidogo kama kawaida, bila uhusiano wowote na matukio. Tatu, ilianza baada ya joto kupanda. Vyuma vikipata moto hutanuka na kusogea, kwa hiyo nilishuku kitu kinachoguswa na joto moja kwa moja.

Waliobaki walikuwa nusu ya kushoto ya kila vali, soketi zake, rezista chache na viungo vyake. Mjomba akaenda chumbani akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani, kila moja ikiwa imefungwa kwa pamba, zilikuwamo vali alizozihifadhi tangu afunge kibanda, na mojawapo ilikuwa ECC82. Jioni ya tatu tukaiweka hiyo badala ya ile yangu. Matukio 352, kushoto, kuanzia dakika ya 19. Kwa hiyo vali haikuwa na kosa.

Asubuhi yake tukatumia chombo cha bei rahisi kuliko vyote: kijiti kikavu cha kuchomea mshikaki. Chombo kikiwa kimewaka na kimepata moto, unagusa na kusukuma kitu kimoja baada ya kingine, polepole, huku ukisikiliza. Kijiti lazima kiwe cha mti au mwanzi, kiwe kikavu, na mkono wako mwingine ukae nyuma ya mgongo, usiguse bodi ya chuma. Mikono miwili ikigusa sehemu mbili tofauti, njia ya umeme inapita kifuani. Mjomba alinikumbusha hilo mara mbili, kama mtoto, na sikukasirika.

Kumbukeni pia kwamba vali yoyote ukiigonga inaweza kulia kama kengele ndogo. Hiyo ni tabia yake, kwa sababu vyuma vya ndani vinatikisika. Tunachotafuta ni ile tak kavu. Niligusa 6080, kapasita za mwisho na kila rezista. Kimya. Nikaisukuma ECC82 kidogo sana kuelekea kulia: tak, tak, tak. Nikaisukuma kuelekea kushoto: kimya kabisa. Nikairudisha kulia: tak. Sasa kelele ilikuwa inanitii. Ukiweza kuiita hitilafu ije na kuifukuza iende, kazi imekwisha, kilichobaki ni usafi.

Tukazima, tukachomoa waya wa ukutani, tukangoja kapasita zimwage umeme wake, na sikuingiza kidole mpaka multimita iliposema chini ya volti 10. Chini ya kioo cha kukuzia, Mjomba akanionyesha: soketi ilikuwa na vibanio tisa, na kile cha mguu namba 6, ambao katika vali hii ni anodi ya nusu moja, kilikuwa na utando wa kijani. Kibanio chenyewe kilikuwa kimelegea. Soketi ilikuwa mpya nilipoinunua, lakini chuma chake kilikuwa chepesi, na nyumba ya Mjomba iko karibu na bahari. Unyevu na chumvi vya Mombasa vilikuwa vimepata miezi minne ya kufanya kazi. Nairobi, kwenye hewa kavu na kwa wiki moja, soketi ile ile haikuwa na sababu ya kulalamika. Ndiyo ile tofauti kati ya mahali pangu na mahali pake niliyoitaja.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kipige kelele? Kwa sababu mguu huo unapitisha kama miliampea 4 mfululizo, na anodi yenyewe inakaa karibu volti 75. Mguso ukikatika hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, volti hiyo inaruka, na katika mchoro huu anodi imeunganishwa moja kwa moja na gridi ya 6080. Mruko huo unafika sikioni ukiwa mzima.

Hatukukaza kibanio kile, maana kilikuwa kimekwisha nguvu. Mjomba alitoa soketi ya redio mbovu ya miaka ya 1960 iliyokuwa juu ya kabati, vibanio vyake vikiwa bado vinauma. Tuliisafisha kwa spiriti na mswaki, nami nikaichomelea huku yeye akishika tochi. Halafu tukarudisha ECC82 yangu ya mwanzo, ili tusibadilishe vitu viwili kwa pamoja na kukosa kujua ni kipi kilichotibu.

Jioni tatu, saa tatu kila jioni. Sifuri, sifuri, sifuri.

Sasa swali ambalo waandishi wa programu tunalikwepa: kimya cha muda gani kinatosha kusema imepona? Kuna kanuni rahisi ya takwimu. Ukiangalia kwa saa kadhaa na usione tukio lolote, chukua 3 ugawanye kwa idadi ya saa hizo. Jibu ndilo kiwango cha juu kabisa cha matukio kwa saa ambacho bado kinaweza kuwa kimejificha, kwa uhakika wa asilimia 95. Saa zetu tisa zinatoa theluthi moja, yaani huenda tukio moja kila saa tatu likawa bado lipo na hatukuliona. Tulianza na zaidi ya mia kwa saa, kwa hiyo kwetu ilitosha. Lakini kama hitilafu yako hujitokeza mara moja kwa wiki, kuijaribu alasiri moja na kutangaza ushindi ni kujidanganya. Unahitaji wiki tatu za kimya ili uweze hata kusema kwamba haiji tena mara moja kwa wiki.

Tangu hapo Mjomba ameweka daftari la shule kando ya amplifaya. Kila usiku anaandika tarehe, saa alizosikiliza, na kelele alizosikia. Safu ya mwisho imejaa vistari. Kwa daktari wa masikio alikwenda pia, kwa hiari yake. Alisema hataki kubishana na mtu mwingine bila vipimo.

Mimi nimerudi kazini na jambo moja limebadilika katika timu yetu. Mteja akiripoti kitu ambacho hatukioni, haturuhusiwi tena kufunga faili kwa maneno "kwangu inafanya kazi". Tunaandika badala yake: ilichukua muda gani tangu kuwasha, mahali pake pana nini ambacho pangu hapana, na tumeweka karani gani wa kusubiri. Mara nyingi swali la kwanza peke yake linatosha, kwa maana hitilafu nyingi sana zina dakika yao ya 18, na sisi huondoka dakika ya tatu.

Haya basi, ni hayo kwa leo. Kama una mzee nyumbani anayesema redio yake inakwaruza, usimwambie ni masikio. Vuta kiti, ukae naye nusu saa.